Kuwalinda Watoto na Machafu ya Simu Pasina Kuziba Milango ya Elimu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa binadamu macho ya kuonea na haya ya kuyainamishia; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, maneno ya waraka huu yahusu jambo ambalo kila mwenye mtoto analo nyumbani mwake, ajue asijue; nalo ni simu, na machafu yapitayo ndani yake, na watu waovu wawindao watoto kwa njia yake. Na kabla sijamnasihi mtu yanipasa kwanza nikiri kosa langu mwenyewe, kwani mwenye kunasihi watu hali ameficha aibu yake ni kama mwenye kuuza dawa asiyotaka kuinywa.

Nalikuwa nikikaa na mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka 13, aliyeachwa mikononi mwangu baada ya kufa babake. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nalimkuta kajifunika shuka gubigubi, na mwangaza wa simu watokea chini yake. Nikaifunua shuka, nikaona akiangaliacho. Sikumwuliza neno. Nalimpiga bakora mpaka nikachoka mimi, nikaitwaa simu nikaipiga chini ikavunjika, na asubuhi yake nikalisema jambo lile barazani mbele ya watu wazima, ili wajue kuwa mimi ni mlezi asiyecheza. Nikalala usiku wa pili nikiona nimelimaliza.

Haikupita miezi mitano, kijana akaanza kukonda. Hali vyema, halali, na akisikia mlio wa simu hushtuka. Kisha zikapotea fedha katika sanduku la nyanya yake. Tulipochungua tukaona kuwa alikuwa akitumia simu ya mwenziwe, akazungumza na mtu aliyejiita msichana, akaombwa picha, akaituma. Na mara tu baada ya kuituma, yule msichana akageuka: lipa, au picha hii wataiona nyanya yako na mwalimu wako na watu wote wa mtaa. Akalipa mara tatu kwa fedha za kuiba. Nikamwuliza: "Kwa nini hukuniambia tangu siku ya kwanza?" Akanijibu na huku ameinama: "Ami, nalikuogopa wewe kuliko yeye."

Neno lile ndilo lililonishikisha kalamu. Nalivunja simu moja, na ulimwengu una simu zisizo idadi. Lakini nilichokivunja khasa ni ile njia ya mtoto ya kunijia mimi. Basi swali la waraka huu ni hili: tuwalinde vipi watoto wetu, nasi tusivunje katika kuwalinda kitu kilicho na thamani kuliko tulichokizuia?

RAI MBILI ZA WATU

Watu katika baraza zetu wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza wasema: serikali na izibe kila mlango, mitandao ifungwe, simu zichunguzwe, na mtoto asiguse simu mpaka aoe. Fungu la pili wasema: dunia imekwisha haribika, hapana awezaye kuzuia bahari kwa kiganja, basi tuwaache watoto waone, watazoea, watachoka wenyewe.

Rai hizi mbili zaonekana kuwa mbali mbali, lakini mzizi wao ni mmoja: kila moja yamwondolea mzazi kazi yake. Wa kwanza amempa kazi hiyo askari, na wa pili ameitupa. Wala dini yetu haikumwachia mzazi mojawapo ya hayo mawili.

MADHARA NI MAWILI, WALA SI MOJA

Hapana budi tupambanue, kwani asiyepambanua maradhi hawezi kupambanua dawa. Dhara la kwanza ni machafu yenyewe, yaani picha za uchi na za ngono ambazo mtoto huzikuta, pengine kwa kuzitafuta na pengine kwa kutupiwa tu machoni. Haya humfundisha mtoto uwongo kabla hajafundishwa kweli: humwonyesha kuwa mwanamke ni chombo, na kuwa baina ya mume na mke hapana huruma wala haya, wala hapana ahadi.

Dhara la pili ni mwindaji. Huyu haji na picha chafu mwanzo. Huja na salamu, na sifa, na zawadi ya bando, na pole kwa mtoto aliyegombezwa nyumbani. Huja katika michezo ya simu na katika mazungumzo ya kila siku, na maneno yake ya kwanza yote ni safi. Kwa hivyo chujio lolote la kuzuia machafu halimzuii mtu huyu, maana yeye hapiti katika mlango wa machafu. Hupita katika mlango wa upweke.

Na tusidhani kuwa haya ni ya watu wachache. Kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na waliodhulumiwa, kijulikanacho kwa herufi NCMEC, kilipokea katika mwaka 2023 khabari zaidi ya milioni 36 za kushukiwa udhalimu wa watoto katika mitandao. Na mwisho wa mwaka 2022 idara ya upelelezi ya nchi hiyo, FBI, ilitangaza kuwa kwa muda wa mwaka mmoja imeletewa khabari zaidi ya 7,000 za watoto kutishwa kwa picha zao. Walioonewa hawakupungua 3,000, wengi wao wavulana, na zaidi ya 12 kati yao walijiua. Niliposoma khabari hiyo nalimkumbuka kijana wangu na kukonda kwake, nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Ama kwetu huku, ulifanywa uchunguzi na UNICEF na ECPAT na INTERPOL, ukatangazwa kwa Kenya mwaka 2021 na kwa Tanzania mwaka 2022. Katika mambo uliyoyaonyesha, liko moja la kuliangalia sana: mwenye kumdhulumu mtoto kwa njia ya mtandao mara nyingi si mgeni wa mbali, bali ni mtu ambaye mtoto amjua. Na la pili: watoto wengi waliofikwa na dhulma hiyo hawakumwambia mkubwa ye yote. Basi tazama, ndugu yangu, jinsi mambo haya mawili yakutanavyo. Adui yu karibu, na mtoto kanyamaza. Ukuta mkubwa wa kuzunguka mji hautamfaa mtoto ambaye adui wake yumo ndani ya mji, naye hana wa kumwambia.

SHERIA YATUAMRISHA NINI

Hapana shaka kuwa kumlinda mtoto ni wajibu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya At-Tahrim tujikinge nafsi zetu na watu wetu na moto, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na wanavyuoni wameweka mlango mzima katika usuli, wa kuziba njia zipelekazo kwenye maasi. Basi asemaye kuwa kumzuilia mtoto machafu ni kumnyima uhuru wake, huyo hajui uhuru wala hamjui mtoto. Sote twamzuilia mtoto kisu na kisima, wala hapana aitaye hiyo dhulma.

Lakini sheria hiyo hiyo iliyotuamrisha kulinda imetuwekea na mipaka. Katika Sura ya Al-Hujurat tumekatazwa kupelelezana. Katika Sura ya An-Nur tumekatazwa kuingia nyumba za watu pasina idhini na salamu. Na katika Sura hiyo hiyo ya An-Nur, watoto ambao hawajabaleghe wameamrishwa watake idhini katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, na mchana wakati wa kuvua nguo, na baada ya sala ya Isha. Aya hii yataka izingatiwe. Hapa mtoto amelindwa asione kisichofaa kuonwa naye, na ulinzi wenyewe haukuwa kujenga ukuta baina yake na wazee wake, wala haukuwa kuwalaumu wazee kwa walicho nacho. Ulikuwa ni kumfundisha mtoto abishe hodi. Na mwenye kufundishwa kubisha hodi kwao atabisha hodi popote aendapo.

Na kadhalika iko hadithi ya Al-Fadhl bin Abbas, iliyopokewa katika vitabu sahihi. Katika Hija ya kuaga, Al-Fadhl, naye ni kijana, alikuwa amepanda nyuma ya Mtume (S.A.W.). Akaja mwanamke wa kabila ya Khath'am kuuliza juu ya babake aliyekuwa mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama: je, amhijie? Al-Fadhl akawa akimtazama yule mwanamke, naye akimtazama. Mtume (S.A.W.) akaushika uso wa Al-Fadhl akaugeuza upande wa pili, na yule mwanamke akamjibu swali lake.

Zingatieni mambo matatu. La kwanza, hakuliacha jambo lipite. Aliugeuza uso wa kijana, na kwa mkono wake mwenyewe, hakumwagiza mtu. La pili, hakumpiga kijana wala hakumfedhehi mbele ya mahujaji. La tatu, nalo ndilo kubwa katika mas-ala yetu, hakumfukuza mwenye kuuliza. Swali la dini lilijibiwa, na elimu ile imetufikia sisi leo. Lau mwanamke yule angalifukuzwa kwa ajili ya macho ya Al-Fadhl, wangapi wangalikosa kujua hukumu ya kumhijia mzee asiyejiweza? Hii ndiyo mizani ninayoitafuta: mtoto ageuzwe uso kwa mkono wa amjuaye na ampendaye, na mlango wa elimu ubaki wazi.

WALIYOYAJARIBU MATAIFA

Mataifa makubwa yamejaribu njia nyingi, nasi yatufaa tutazame faida na khasara yao.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1996 ya kukataza maneno na picha zisizo za adabu zisiwafikie watoto kwa intaneti. Mwaka 1997 Mahakama yao Kuu ikaivunja sehemu hiyo, kwa kuwa maneno ya sheria yalikuwa mapana mno, hata mtu mzima angalizuiwa asisome na kusema aliyo na haki nayo. Kisha mwezi wa Juni 2025 mahakama hiyo hiyo ikaikubali sheria ya Texas, itakayo kila mahali pauzapo machafu pathibitishe umri wa aingiaye. Mtu akitazama upesi ataona hukumu hizi zagongana. Lakini kuuziba mdomo mji mzima ni jambo moja, na kumsimamisha mtoto mlangoni pa duka la ulevi ni jambo jingine. Na mahakama ilikuwa ikipambanua baina yake.

Uingereza nayo ilitunga sheria mwaka 2023, na tangu tarehe 25 Julai 2025 mitandao ya machafu yalazimishwa kuhakikisha umri. Siku zile zile watu wengi wakakimbilia programu za VPN, ambazo humwonyesha mtu kama kwamba yuko nchi nyingine, zikawa juu kabisa katika orodha za programu zichukuliwazo. Na kabla ya hapo, mwisho wa mwaka 2013, BBC iliyachunguza machujio waliyoyaweka wauza intaneti wa nchi hiyo, ikaona yamezuia kurasa za kuwafundisha vijana mambo ya afya na baleghe, na ilhali baadhi ya machafu yenyewe yapita. Australia imekwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku tangu tarehe 10 Disemba 2025 walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya jamii.

Na kuhakikisha umri kwenyewe kuna khatari yake, kwani lazima mtu atoe uso wake au kitambulisho chake. Mwezi wa Oktoba 2025 mtandao wa Discord ulitangaza kuwa picha za vitambulisho vya watu wapata 70,000, walizozitoa kwa ajili ya mambo ya umri, zaweza kuwa zimeangukia mikononi mwa wezi kwa njia ya kampuni iliyowafanyia kazi. Yaani mlinzi aliyewekwa mlangoni alikusanya funguo za nyumba za watu wote, kisha akaibiwa kifurushi.

Ama karibu yetu, mwezi wa Mei 2025, baada ya akaunti ya polisi wa Tanzania kuingiliwa na wahalifu na kutiwa machafu na uwongo, mtandao wa X ulifungwa nchini humo. Na waziri akatoa hoja kuwa mtandao huo waruhusu picha za ngono. Hoja hiyo kwa upande wake ni ya kweli, kwani X tangu Mei 2024 imeandika waziwazi katika kanuni zake kuwa yayaruhusu machafu ya watu wazima. Lakini katika mtandao ule ule walikuwamo wanavyuoni, na wafanya biashara, na waganga, na wanasheria, na watu wenye kusema na viongozi wao, tena katika mwaka wa uchaguzi. Wote wakafungiwa nje pamoja na machafu. Sisemi nia ya mtu, kwani nia aijua Mungu. Nasema tu kwamba hoja ya kweli yaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko nguvu zake, na jina la mtoto ni jina ambalo hapana awezaye kulikataa. Kwa hivyo ni wajibu litumike kwa uaminifu zaidi.

MAJIBU KWA WENYE KUPINGA

Atasema msemaji: "Machafu ni haramu kwa mkubwa kama kwa mdogo. Yafungwe yote, na yakifungwa na mengine pamoja nayo, hiyo ni khasara ndogo." Twamjibu: kuwa machafu ni haramu hatubishani nawe. Lakini tazama ni nani utakayempa mkono wa kufunga, na ataupima kwa mizani gani. Mashine haijui halali na haramu, yajua maneno. Kampuni ya Meta kwa miaka mingi iliondoa maandiko yenye neno la Kiarabu "shahid" likinasibishwa kwa watu iliowahesabu kuwa khatari, hata likawa ni sababu ya kuondolewa maandiko mengi kuliko neno jingine lolote. Na mwezi wa Machi 2024 baraza lake lenyewe la usimamizi likaiambia kuwa katazo hilo ni pana mno, lazuia maneno ya watu wengi wasio na kosa. Sisi tusomao neno hilo kila siku katika vitabu vyetu twajua uzito wa kosa hilo.

Na tazama chuoni kwetu. Mtoto wa pwani husoma Safina angali mdogo, akafundishwa humo alama za baleghe, na yapasayo kuoga, na hukumu za hedhi na nifasi, na yote haya husomwa kwa adabu mbele ya mwalimu. Chujio lenye kutafuta maneno tu lingaliufunga mlango wa tahara kabla ya kuufunga mlango wa zina. Wazee wetu hawakudhani kuwa haya ni kutojua. Walijua kuwa haya ni kujua mahali pa kila neno.

Atasema mwingine: "Mtoto hana siri kwa babake, nitaisoma simu yake kila usiku akilala." Twamjibu: mtoto mdogo hana haja ya simu ya peke yake, na akitumia ya mzazi atumie sebuleni, mbele ya watu, na hapo hapana cha kupeleleza. Ama aliyekaribia kubaleghe, mwambie wazi: "Simu hii ni amana, nami nitaitazama pamoja nawe." Huo ni ulezi. Kumvizia akilala ni upelelezi, na malipo ya upelelezi ni mtoto kuwa hodari wa kuficha. Na mwindaji hana rafiki mkubwa kuliko mtoto aliyefundishwa kuficha. Lakini ukiona alama za khatari, kama kijana wangu alivyokonda, hapo ingia mara moja, wala usingoje hodi, kwani nyumba iwakayo moto haiingiwi kwa idhini. Dharura huhalalisha kilichozuiliwa, na hupimwa kwa kadiri yake.

Atasema wa tatu: "Mambo haya ni ya aibu, baba hayasemi na mwanawe." Twamjibu: usiposema wewe, simu itasema. Imepokewa na Imamu Ahmad kuwa kijana mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamtaka ruhusa ya kuzini; watu wakamkemea, naye Mtume akamkaribisha, akamkalisha, akamwuliza kama angalipenda jambo hilo kwa mamake, na kwa bintiye, na kwa dada yake, na kwa shangazi zake; kisha akamwekea mkono akamwombea. Kijana akaondoka hali moyo wake umegeuka. Nami nikijipima na hadithi hii huona haya: yule kijana alikuja na ombi lenyewe la haramu akapewa nafasi ya kukaa, na mwanangu hakuuliza ruhusa ya lolote, nikampa bakora.

MIZANI YA KIZUIO CHA HAKI

Basi kizuio chochote, kiwe cha baba au cha kampuni au cha serikali, na kipimwe kwa mambo haya. Kwanza, kielekee dhara lijulikanalo, si maneno yasiyopendeza tu. Pili, kimfunge mtoto, kisimfunge na mkubwa aliye nyuma yake. Tatu, mwenye kufunga ajulikane, na awe aweza kuulizwa na kushtakiwa akikosea. Nne, kisikusanye siri za watu kuliko haja. Tano, kilegezwe kadiri mtoto akuavyo. Kwani mwisho wa ulezi ni mtu ajizuiaye mwenyewe akiwa peke yake, na mtu huyo hapatikani kwa kufuli isiyofunguliwa mpaka siku ya harusi.

YATUPASAYO KUYATENDA

Katika nyumba: simu zote, pamoja na yako wewe baba, zilale sebuleni usiku, zisiingie vyumbani. Weka vizuio vilivyomo ndani ya simu na vya mwuza intaneti kwa watoto wadogo. Vina makosa, lakini kwa mdogo vyafaa. Na mfundishe mtoto maneno matatu kabla hujampa simu: atakaye picha ya mwili wako ni adui, hata akiwa ni mtu wetu; akwambiaye "usimwambie babako" ni adui; na ukikosa, njoo kwangu, sitakupiga. Kisha timiza ahadi hiyo ya mwisho siku itakapokujia, maana itakuwa ngumu.

Akifikwa na vitisho: msilipe, kwani mwenye kulipwa huomba tena, msifute mazungumzo, kwani ndiyo ushahidi, mzuieni mtu huyo asimfikie mtoto tena, na mpeleke khabari polisi. Nambari 116 ni ya bure, ya kusaidia watoto, Kenya na Tanzania pia. Kenya ina sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 na ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015. Zote zamkamata mwenye kuchezea picha za watoto.

Katika mtaa: ole wetu na hizi simu zetu wenyewe. Mtoto akidhulumiwa, picha yake huzungushwa katika makundi ya WhatsApp na watu wazima wenye ndevu, kila mmoja akisema atahadharisha wenzake. Kila aitumaye amemdhulumu mtoto yule mara ya pili, tena amevunja sheria. Itakayokufikia isitoke kwako, wala usiitazame. Wape khabari wenye kazi hiyo, kisha nyamaza.

Na la mwisho, nalo ni zito. Akijulikana mdhalimu, naye ni mtu wa heshima, au jamaa, au mwalimu, husikika sauti zikisema: "Sitiri, usivunje nyumba." Sitara ni kwa mja aliyekosa baina yake na Mola wake akatubia. Ama aliyemdhulumu mtoto, kumfichia ni kumpa mtoto mwingine. Twawezaje kutaka serikali ifunge mitandao ya dunia nzima kwa ajili ya watoto wetu, nasi twashindwa kumtaja mtu mmoja tusalie naye safu moja?

Ama kijana wangu, nalimwomba radhi, mkubwa kwa mdogo, mbele ya nyanya yake. Haikuwa rahisi, na hakunijibu siku ile. Mwaka ulipopita akaja chumbani kwangu, akabisha hodi, akaniwekea simu mkononi: mtu asiyemjua amemwandikia maneno matamu. "Ami, huyu simwelewi," akasema. Tukamzuia mtu huyo pamoja, tukaenda kusali. Katika vizuio vyote nilivyovijaribu, sikuona chenye nguvu kuliko hodi ile.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, atupe macho ya kuona khatari, na ndimi za kusema nao kwa upole, na atukinge na dhulma tuifanyayo kwa jina la ulinzi. Wabillahi ttaufiq. Wassalaam.